Rimu Mpya Yenye Doa: Itazameni Kabla Tairi Halijapandishwa

Siku hizi si jambo la kustaajabisha kumwona koplo au sajini akiwa na gari lake mwenyewe, alilolipata kwa mkopo wa chama cha akiba au kwa fedha alizojinyima miezi mingi, tena gari lililovuka bahari kutoka Japani. Injini na breki zikishatengenea, mwenyewe hutamani kulipendezesha, na aghalabu jambo la kwanza analolifikiria ni kuziondoa rimu za chuma zilizokuja nalo na kununua rimu nne za alumini, zile ambazo wengi huziita rimu za spoti. Hatuoni kosa katika tamaa hiyo. Rimu za alumini si upuuzi wa vijana wa mjini. Bugatti alizitia katika gari lake la mashindano, Type 35, tangu mwaka 1924, naye alikuwa akitafuta wepesi wa gurudumu na ubaridi wa breki, wala si mng'aro peke yake.

Taabu huanzia pale sanduku linapofunguliwa. Mnunuzi amekwisha kulipa, naye anaona rimu moja ina mkwaruzo mwembamba ukingoni, au nyingine ina lengelenge dogo chini ya vanishi, au rangi ya mbili haifanani na rangi ya zile mbili zilizobaki. Muuzaji humwambia, "Afande, hilo ni vumbi tu, likipanguswa litatoka." Basi mnunuzi, kwa haya au kwa haraka ya kuwahi zamu, huzipeleka rimu kwa fundi wa matairi. Baada ya saa moja matairi yamekwisha kupandishwa, na hapo ndipo anapotambua ya kuwa lile halikuwa vumbi. Arudipo dukani huambiwa kwamba mkwaruzo ulitiwa na chuma cha fundi. Nani ataweza kulikata shauri hilo? Mashine ya kupandishia matairi ina kucha na mkono wa chuma unaopita ukingoni mwa rimu, na kila aijuaye kazi hiyo anajua ya kuwa huweza kukwaruza. Neno la muuzaji linakuwa sawa na neno la mnunuzi, isipokuwa fedha ziko mfukoni mwa muuzaji.

Kwa sababu hiyo, neno letu kubwa kwa wasomaji wetu walio jeshini na katika polisi ni kwamba shauri la doa katika rimu mpya huamuliwa dukani, mbele ya muuzaji, rimu ikiwa bado tupu. Likishapanda tairi, doa ni la mnunuzi.

UKAGUZI

Sajini-meja anayekagua bunduki hatosheki na kitako kinachong'aa. Hutazama ndani ya mtutu. Rimu nazo zikaguliwe vivyo hivyo. Zitoeni nje ya duka, kwenye mwanga wa jua, kwa maana taa ya dukani huificha mikwaruzo. Zipanguseni kwa kitambaa chenye maji ili vumbi la safari na mafuta ya kiwandani visiwadanganye. Kisha rimu ishikwe kwa mshazari, mwanga uipige kwa ubavu, na izungushwe polepole. Uso na mikono yake hutazamwa na kila mtu. Ni wachache watazamao ukingo wa ndani, mahali linapokaa tairi, na upande wa nyuma unaoelekea breki, na pembeni mwa matundu ya nati. Huko ndiko mambo makubwa yanakojificha.

Pitisheni ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo huo umo katika vanishi tu, na huenda ukaondoka kwa kusuguliwa. Ukucha ukinasa, basi kitu kimekata vanishi na rangi, pengine hata kimegusa alumini yenyewe.

Hapo hapo yasomwe maandishi yaliyo nyuma ya mikono au ndani ya rimu, na yafanane katika zote nne: upana na kimo, kama vile 15x6J; namba inayofuata herufi ET, ambayo huonyesha jinsi gurudumu litakavyokaa ndani au nje ya bodi; na uzito ambao rimu yaweza kuubeba. Tumewahi kuona seti ambayo rimu tatu zilikuwa za namba moja na ya nne ya namba nyingine, nazo kwa macho zilikuwa kama mapacha. Herufi JWL maana yake ni kwamba mtengenezaji mwenyewe anatamka kuwa rimu imetimiza kanuni za Japani za rimu za aloi nyepesi. Alama ya VIA ni nzito zaidi, kwa kuwa huonyesha ya kuwa rimu imepimwa na kusajiliwa na chombo kingine kisichokuwa kiwanda. Lakini herufi ni herufi, na mwenye kalibu yake aweza kuandika atakalo. Alama hizo zisaidie macho, zisichukue nafasi yake.

Askari polisi wanao ujuzi mmoja ambao ungewafaa sana katika jambo hili, nao ni ule wa kutambua kitu kisichokuwa kile kinachosemwa. Rimu iitwayo mpya yaweza kuwa imekwisha kutumika, ikapakwa rangi upya na kutiwa katika sanduku. Tazameni ndani ya matundu ya nati: nati ikishakazwa mara moja huacha duara linalong'aa pale ilipokalia. Tazameni ndani ya ukingo kama kuna gundi au alama za vipande vya risasi vya kusawazishia gurudumu, na kama pale palipokaliwa na tairi pana mstari. Rangi iliyoingia hata ndani ya tundu la vali na kulizungushia utando mnene nayo hutia shaka. Rimu kama hiyo yaweza kuwa nzima kabisa na kufaa kwa bei ya kitu kilichotumika. Yaweza pia kuwa iling'olewa usiku kwenye gari la mtu. Anayeuza pembeni mwa barabara bila stakabadhi hana la kujibu juu ya swali hilo, na askari atakayekutwa na mali ya namna hiyo atakuwa na mengi ya kueleza.

DOA LISILODHURU NA DOA LINALODHURU

Ili kupambanua, yafaa kujua jinsi rimu zinavyofanyika. Nyingi katika hizi husubiwa: alumini iliyochanganywa na silikoni, kiasi cha asilimia 7, na magnesiamu kidogo, huyeyushwa na kutiwa katika kalibu ya chuma. Ikishaganda hutiwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya digrii 500 za Selsiasi, ikazimwa ghafula, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa kwa joto dogo, na kwa njia hiyo hupata ugumu. Baadaye hukerezwa, hutobolewa matundu, hupakwa rangi ya awali, rangi yenyewe, na mwisho vanishi. Kisha husafiri, zikisuguana na maboksi na vibarua. Katika kila hatua kasoro yaweza kuingia, nazo hazilingani uzito.

Uso uliovimbavimba kidogo kama ganda la chungwa, chembe ya vumbi iliyonaswa chini ya vanishi, mchirizi wa rangi uliotelemka, au mstari wa kalibu uliobaki upande wa nyuma: haya ni makosa ya mpaka rangi na msubu chuma, wala hayamletei dereva hatari yoyote. Mtu aweza kuendesha miaka kumi na mchirizi wa rangi. Hata hivyo amelipia kitu kizuri, naye ana haki ya kupewa kilicho kizuri.

Lengelenge na mbanduko ni jambo jingine, ingawa kwa macho huonekana dogo kuliko mchirizi. Alumini haioti kutu nyekundu kama chuma, lakini mahali vanishi ilipofunguka maji huingia, na kutu nyeupe huanza kutambaa chini ya vanishi kwa njia nyembamba zilizopindapinda, mfano wa njia za mchwa ukutani. Kinachoipa nguvu kutu hiyo ni unyevu pamoja na chumvi. Wenzetu waliotumikia Mogadishu tangu majeshi yetu yalipopelekwa huko mwaka 2007 hawahitaji kufundishwa jinsi upepo wa bahari unavyokula madini. Hapa nyumbani kazi hiyo huenda polepole zaidi, lakini huenda. Kwa hiyo tundu lililo dogo kama kichwa cha pini, likiwa jipya, liheshimiwe kuliko mkwaruzo mrefu ambao haukupita vanishi.

Vitundu vilivyoingia katika alumini yenyewe wakati wa kusubu ni vya namna mbili. Vikiwa usoni, huudhi macho tu. Vikiwa ndani ya pipa la rimu au pale tairi linapokaa, upepo waweza kupenya, na dereva atajaza tairi kila wiki huku fundi akitafuta msumari asiuone. Dawa ya kuvigundua ni ya kale: maji ya sabuni yapakwe juu ya rimu iliyojazwa upepo, na mapovu yatasema. Jambo hili haliwezekani kabla ya tairi kupandishwa, kwa hiyo lielezwe kwa muuzaji mapema kwamba rimu ivujayo itarudishwa.

Ufa hauna mjadala. Mkwaruzo una njia iliyonyooka na kitako kinachong'aa. Ufa hupindapinda kama mto kwenye ramani, na mara nyingi hutokea upande wa pili wa ukingo. Hupendelea ukingo wa ndani, shina la mkono wa rimu, na baina ya matundu ya nati. Mafundi wa ndege wanaijua dawa nyekundu ipenyayo, ambayo hupakwa, ikafutwa, kisha poda nyeupe ikatiwa juu, na ufa ukajichora wenyewe. Mwenye rafiki katika karakana kama hizo amwombe msaada. Rimu yenye ufa isinunuliwe hata ikitolewa kwa robo ya bei, wala isichomelewe kwa kuambiwa kuwa fundi ni hodari. Uhodari wake hauurudishi ule ugumu uliopatikana katika tanuri, nalo gurudumu la mbele likivunjika katika mteremko hakuna breki itakayotosha.

SHAURI LA DUKANI

Mnunuzi aliyeona doa ana njia tatu: kuikataa rimu na kutaka nyingine, kuichukua kwa bei iliyopunguzwa, au kuichukua na kuitengeneza mwenyewe. Sisi twapendelea ya kwanza kwa lengelenge, mbanduko na rangi zisizofanana, na ya pili kwa mkwaruzo usionasa ukucha. Ikiwa bei imepunguzwa, muuzaji aandike katika stakabadhi ya kuwa rimu moja imeuzwa na doa ukingoni, na mengineyo ni mazima. Mstari mmoja huo una thamani kubwa: waonyesha ni doa gani lililokubaliwa, na kwa hiyo ni lipi halikukubaliwa. Picha za simu zilizopigwa hapo hapo dukani husaidia pia.

Sheria ya mauzo, ambayo asili yake tuliirithi kwa Waingereza na ambayo Bunge letu liliiandika upya katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, humpa mnunuzi nafasi ya kukagua kitu kabla ya kuhesabiwa kuwa amekipokea. Lakini sheria hiyo ina makali pande mbili. Aliyekagua na akaliona doa, au ambaye ukaguzi wake ulipasa umwonyeshe, ni vigumu kwake kurudi baadaye kulalamika juu ya doa lilo hilo. Na aliyezifunga rimu kwenye gari na kwenda nazo hadi Gulu na kurudi, amekwisha kutenda kama mwenye mali.

Muuzaji akikataa katakata, hapo ndipo inapobidi tuwaseme ndugu zetu waziwazi. Wapo wanaofikiri kwamba shauri la namna hii hukatwa upesi kwa kurudi dukani na sare, au pamoja na wenzao wawili wenye silaha. Rimu hurudishwa, ni kweli, lakini si kwa haki, na mwenye duka aliyenyamaza mbele ya bunduki atasimulia mtaa mzima. Sare ni ya taifa; rimu ni za mtu binafsi. Mahakama zetu zinao utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ambamo watu huzungumza wenyewe pasipo mawakili. Huanza kwa barua ya kudai iliyoandikwa kwa muuzaji, na wafanyabiashara wengi hupata akili kwa barua hiyo peke yake. Mwenye stakabadhi na picha huenda huko akiwa raia mwenye hoja, na hilo latosha.

KUTENGENEZA DOA DOGO

Ikiwa mwenyewe ameamua kulitengeneza, kazi si kubwa kwa rimu iliyopakwa rangi ya kawaida. Rimu ioshwe kwa maji na sabuni laini, ikaushwe, ipanguswe kwa spiriti. Mahali palipobanduka pasuguliwe kwa msasa laini, namba 400 kisha 600, mpaka ukingo wa rangi ya zamani usihisike kwa kidole. Alumini iliyo wazi isipakwe rangi moja kwa moja, kwa kuwa haitashika. Itangulie rangi ya awali iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini. Ndipo rangi, nyembamba, mara mbili au tatu, kila mara ikingojewa ikauke, ndipo vanishi. Mwisho msasa wa majini namba 2000 na dawa ya kung'arishia huondoa mpaka kati ya pya na ya zamani. Mwenye haraka hupaka safu moja nene, nayo humtelemkia machozi.

Rimu ambazo uso wake umekerezwa ukaachwa uking'aa wenyewe chini ya vanishi, zile zenye mistari membamba ya duara kama sahani ya santuri, hazitengenezwi kwa njia hiyo. Rangi ya fedha ikitiwa juu yake huonekana kama kiraka cha suruali. Dawa yake ni kurudishwa katika mashine ya kukerezea, na kila zirudipo alumini hupungua, kwa hiyo hazirudi mara nyingi. Mwenye kununua rimu za aina hii na akaona uso una kasoro, asikubali bei iliyopunguzwa; aikatae.

Yako mambo ambayo fundi asiruhusiwe kuyafanya. Asitie puti kwenye ukingo au shimoni. Puti huficha tu, na gurudumu huviringika likitetemeka. Asiipashe rimu moto wa gesi ili anyooshe mbonyeo, kwa sababu moto usiopimwa hulegeza alumini iliyogumishwa. Na zaidi ya yote, asipake rangi pale nati inapokalia wala pale rimu inapogusana na kitovu cha gurudumu. Rangi nene iliyobanwa hapo hujipondaponda gari linapokwenda, na nati iliyokazwa asubuhi huwa imelegea jioni. Madereva wengi hulaumu nati, kumbe mwenye kosa ni mpaka rangi.

Nati zenyewe zastahili neno. Rimu za alumini zilizotoka na Toyota kiwandani mara nyingi hutumia nati yenye shingo na washa bapa, hali rimu za madukani aghalabu hutaka nati yenye ncha ya pia. Moja haikai katika tundu la nyingine. Ikilazimishwa hula tundu, na hapo doa la juu alilokuwa akililia mnunuzi litakuwa dogo mno. Gari dogo la Toyota hukazwa kiasi cha Nm 103 kwa spana yenye kipimo, kwa kupishana kama nyota, si kwa kufuatana kwa duara, na bomba refu la kuongezea nguvu libaki karakanani.

Baada ya kilomita 50 hivi, rimu zikiwa zimepoa, nati zikazwe tena kwa kipimo kile kile. Rimu iliyopakwa vanishi mpya ingoje siku kadhaa kabla ya kuoshwa kwa pampu ya nguvu, na waoshaji wa magari waambiwe mapema wasiiguse kwa asidi wala kwa sufi ya chuma.